Norbert Wiener: Mtaalamu aliyeonya kuhusu maagizo tunayozipa mashine

Kabla ya programu ya akili mnemba kutengenezwa, wataalamu huandika mahitaji yake: ifanye nini, na isifanye nini. Mmoja wa walioona mapema uzito wa kazi hiyo ni mwanahisabati wa Marekani, Norbert Wiener.

Alizaliwa mwaka 1894 mjini Columbia, jimbo la Missouri. Baba yake, mhamiaji aliyekuja kuwa profesa wa lugha, alimfundisha mwenyewe nyumbani. Wiener alimaliza chuo akiwa na umri wa miaka 14, na akapata shahada ya uzamivu Harvard akiwa na miaka 18. Kuanzia 1919 alifundisha katika chuo cha teknolojia cha MIT.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijaribu kuunda mtambo wa kukadiria ndege ya adui itakuwa wapi baada ya sekunde chache, ili mzinga uelekezwe hapo. Mtambo huo haukufika vitani, lakini kazi hiyo ilimfikirisha sana kuhusu mashine zinazopokea taarifa na kujirekebisha zenyewe. Mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu elimu hiyo, aliyoiita saibanetiki.

Vita vilimwachia pia mashaka. Mwaka 1947 alitangaza hadharani kwamba hatatoa utafiti wake kwa watengenezaji wa makombora.

Mwaka 1960, katika jarida la Science, alionya kwamba mashine inayojifunza inaweza kwenda kasi kuliko binadamu. Ukigundua kuwa uliiagiza vibaya, huenda umeshachelewa kuizuia. Basi hakikisha lengo uliloipa ndilo unalolitaka kweli. Alipenda kukumbusha hadithi ya wazazi walioomba pauni 200 kwa hirizi ya mkono wa nyani. Fedha zilikuja kweli, zikiwa ni fidia ya kifo cha mtoto wao kiwandani.

Wiener alifariki Stockholm, Sweden, Machi 1964, lakini onyo lake limo hata kwenye simu zetu. Programu iliyoagizwa tu kumfanya mtu atazame video kwa muda mrefu inaweza kumletea za uongo, mradi haondoki. Haijaasi, imetii agizo. Ndiyo maana kabla ya kuitengeneza ni lazima kuuliza: nani ataumia ikikosea, na nani ataweza kuizima?