Gunpei Yokoi: Fundi wa mashine za karata aliyetuachia ala ya betri nne

Kuna wasee wengi Kitale na Bungoma wanaosema wataanza kutengeneza muziki siku watakapopata laptopu kali. Leo nawaletea Mjapani mmoja aliyefariki kabla wengi wetu kuzaliwa. Anaitwa Gunpei Yokoi. Hakuwa mwanamuziki, lakini kidude alichokiunda ndicho watu duniani wanatumia kupiga chiptune, ule muziki wa sauti za gemu za zamani.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941, jijini Kyoto. Alisomea elektroniki Chuo Kikuu cha Doshisha, ila alipomaliza kampuni kubwa hazikumchukua. Mwaka 1965 akaingia Nintendo, ambayo enzi hizo ilijulikana kwa kutengeneza karata. Kazi yake ilikuwa kuangalia mashine zisikwame, basi.

Kazi ikipungua, alijiundia vitu vya kuchezea. Kimoja kilikuwa mkono wa kukunjuka, unaorefuka ukiubana. Bosi wake, Hiroshi Yamauchi, akamwona nao. Badala ya kumfuta, akamwambia augeuze bidhaa. Ukatoka 1966 kwa jina Ultra Hand, na zaidi ya milioni moja zikanunuliwa.

Tangu hapo Yokoi akashika msimamo mmoja: usikimbilie teknolojia mpya. Chukua ile iliyozoeleka, iliyoshuka bei, ambayo mafundi wanaijua kila kona, kisha uipe kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Siku moja akiwa kwenye treni alimwona abiria akiua muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Vioo na chipu za vikokotoo zilikuwa zimeshakuwa rahisi, kwa hivyo akazitumia kuunda gemu za mfukoni, Game & Watch, mwaka 1980. Ile ya Donkey Kong ya 1982 ndiyo ilileta kitufe cha msalaba ambacho hadi leo dole gumba lako linakijua.

Aprili 21, 1989, ikaja Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi, na washindani wakacheka. Lakini Game Gear ya Sega, yenye rangi zake, ilimaliza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilikula nne na kudumu zaidi ya saa kumi. Pamoja na ndugu yake Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Sasa sikiza upande wa muziki. Chipu ya Game Boy ina sauti nne pekee: mbili za wimbi la mraba, moja ya wimbi unalochora mwenyewe, na moja ya kelele. Hirokazu Tanaka, aliyefanya kazi katika idara ya Yokoi, alitunga muziki ndani ya mipaka hiyo. Unataka noti tatu kwa pamoja na nafasi ni moja? Unazipiga moja moja kwa kasi mpaka sikio lidanganyike. Unataka ngoma? Unakatakata kelele. Mpiga litungu wa Bungoma atakuelewa vizuri: nyuzi ni chache, lakini watu wanacheza usiku kucha.

Mwaka 1995 mambo yalimwendea kombo. Virtual Boy, miwani mizito ya picha nyekundu, iliumiza watu macho na vichwa, na soko likaikataa. Mwaka uliofuata Yokoi akaondoka Nintendo, akaanzisha kampuni ndogo, Koto. Oktoba 4, 1997, gari alilokuwamo lilipata ajali ndogo barabarani huko Ishikawa. Akashuka kuangalia uharibifu, gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mwaka mmoja baadaye, Mjerumani Oliver Wittchow alitoa nanoloop, programu ya kutunga muziki ndani ya Game Boy. Mwaka 2000 Mswidi Johan Kotlinski akatoa LSDj. Yokoi hakuwahi kuona kidude chake kikipandishwa jukwaani.

Wewe unaanzaje? Ukibahatika kupata Game Boy ya mtumba, fungua kwanza sehemu ya betri. Kutu hapo ndiyo ugonjwa wa kawaida, na fundi wa simu anaweza kuisafisha. Usipoipata, LSDj inakubali kwenye emuleta ya simu, hata yenye kioo kilichopasuka. Weka ngoma kwenye kelele, besi kwenye wimbi la kuchora, wimbo wako kwenye mraba wa kwanza. Mraba wa pili uuache kimya mpaka hizo tatu zielewane.

Laptopu itakuja ikija. Sauti nne zinatosha kuanza leo jioni.