Funzo la Gavana Cameron

Watumishi wa serikali, wa bara na wa visiwani, hudhani kwamba mswada hufa au hupona barazani. Maisha ya Sir Donald Cameron yatukumbusha kwamba mara nyingi hatima yake huwa imekwisha kuamuliwa maofisini.

Cameron alizaliwa mwaka 1872 katika Guiana ya Waingereza. Alianza kazi akiwa karani, akatumikia kisiwa cha Mauritius, kisha Nigeria, na mwaka 1925 akawa Gavana wa Tanganyika. Mtu aliyekulia katika majalada alijua jinsi idara mbili ziwezavyo kuzika jambo kwa kupelekeana barua tu. Kwa hiyo alianzisha ofisi ya Katibu wa Mambo ya Wenyeji, akamkabidhi Charles Dundas, aliyepata kutawala Moshi. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikapita mwaka 1926, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipopata kila moja Baraza la Kutunga Sheria.

Mahakama za wenyeji zilimletea mvutano mkubwa zaidi. Majaji hawakutaka zitoke chini ya Mahakama Kuu; Gavana alitaka zisimamiwe na maofisa tawala. Alishinda mwaka 1929.

Hata hivyo, umoja wa maofisi si umoja wa wananchi. Baraza la Tanganyika halikuwa na Mwafrika hata mmoja, na ushahidi wa kasoro hiyo uko Usangi. Chini ya utaratibu wa Cameron, aliyekwisha kuondoka nchini mwaka 1931, watawala tisa wa Upare walikuwa na baraza na hazina yao. Katika miaka ya vita baraza hilo, kwa idhini ya serikali, lilileta kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu juu ya kodi ya kichwa. Wapare hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukadiriwa. Januari 1945 maelfu walishuka milimani wakapiga kambi Same. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaandamana kwa mamia. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imekwisha kutupwa.

Cameron alifariki mwaka 1948. Sisi twaona kwamba aliacha funzo lenye pande mbili: mswada usioafikiwa na idara hukwama njiani, ule ulioafikiwa na idara pekee hufika salama, kisha hukataliwa na wale uliotungwa kwa ajili yao.