Subira ya Rebmann wa Rabai

Tangu nije Nairobi kutoka Mombasa nimepanga chumba Laini Saba, Kibera. Jirani yangu ni mzee wa Kirabai, Mkristo. Kila mwaka huazimia kurudi kwao akajenge, na kila mwaka mipango humwendea kombo. Jioni moja nilimwuliza kama hachoki kuomba. Alinitajia Rebmann tu, akanyamaza. Naam, nikaona wasomaji wa pwani nao wanastahili kumjua mtu huyo, kwani aliishi kwetu.

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Aliwasili Mombasa Juni 1846, akamkuta mwenziwe Krapf, ambaye alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto mchanga miaka miwili kabla. Sayyid Said alikuwa amempa Krapf barua ya kupita salama, nao wazee wa Rabai wakawapa mahali pa kukaa. Nia yao ilikuwa kupanga vituo vya dini kutoka Mombasa hadi ng'ambo ya pili ya bara.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, mabingwa wa London walimcheka, wakakana kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1849 alikwenda tena Uchagani, akinuia kufika Unyamwezi. Huko Machame Mangi Mamkinga alimtoza hongo hata bidhaa zikamwishia, akarudi Rabai mikono mitupu.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa, Rebmann akabaki. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yake yakafifia, na waliobatizwa walikuwa wachache wa kuhesabika. Wazungu wenzake wengine walimwona mkaidi. Hata hivyo aliendelea kusali na kukusanya maneno ya lugha zetu. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, na katika miaka 29 hakurudi Ulaya hata mara moja. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi yake ya Kinyanja ilichapwa mwaka uliofuata, naye hakuishika mkononi.

Msomaji mpenzi, dini yake si yetu, wala sikuandika ili kuinadi. Lakini subira twaijua, maana tumefundishwa tangu chuoni. Mimi nilidhani mwenye kusubiri hungoja jambo lake litimie. Rebmann lake kubwa halikutimia, na imani hakuiacha. Huenda kweli alikuwa mkaidi. Ila mtu anayemwabudu Mola wake siku za kupata tu, huyo amefanya biashara, hajafanya ibada. Hilo latuhusu sisi sote, wa msikitini na wa kanisani.

Mwaka huu pia mzee wangu hakusafiri. Jumapili alipita mlangoni pangu, kitabu chake kwapani. Nikamwamkia, akaitika vizuri, akaenda zake kusali.