Askofu Frank Weston na Mizani ya Neno Ushirika

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Nairobi akaelekea magharibi, akaipita Dagoretti, hufika Thogoto katika eneo la Kikuyu. Jina hilo lenyewe ni kisa cha lugha, kwani lilizaliwa pale Wagikuyu walipolitamka kwa ulimi wao neno la kuwataja wamishenari Waskoti. Ni mahali hapo ambapo mwezi wa Juni 1913 kulizuka mzozo uliotikisa Kanisa la Kianglikana kutoka Afrika Mashariki hadi London. Kiini cha mzozo huo kilikuwa swali ambalo Kiswahili hulibeba katika neno moja tu, yaani ushirika. Aliyeuanzisha mzozo huo hakuwako mkutanoni. Alikuwa Unguja, na jina lake lilikuwa Frank Weston.

Weston alizaliwa London mwaka wa 1871, akasomea teolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka wa 1898 alifika Zanzibar akiwa kasisi wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Mnamo 1901 alikabidhiwa uongozi wa chuo cha Kiungani, ambacho awali kilikuwa makao ya wavulana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Mwaka wa 1908 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar. Alikijua Kiswahili barabara, akafundisha na kuhubiri kwacho.

Mazingira hayo ya Unguja ndiyo yaliyomlea kifikra. Kanisa alilolikuta lilikuwa limejengwa na watu waliong'olewa kwao na kupotezewa ukoo. Mtumwa aliyekombolewa hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumpokea, hakuwa na kaburi la babu la kumwonyesha anakotoka. Kwake yeye, kanisa halikuwa chama cha kujiunga na kujitoa. Lilikuwa ndilo jamaa, ndilo kabila, ndilo kwao. Aidha, waumini hao wachache waliishi katikati ya Waislamu, watu waliojua vyema wanachokiamini na waliokuwa na umma wenye mshikamano. Weston alishikilia kwamba katika mazingira kama hayo, Mkristo anayeyumbayumba kuhusu imani yake hawezi kusimama.

Hapa inafaa kulitazama neno lenyewe. Ushirika umetokana na mzizi wa Kiarabu wenye dhana ya kuwa na fungu katika jambo pamoja na wengine. Mzizi huo umezaa shirika, mshiriki, kushiriki na kushirikiana. Kwa Mkristo, ushirika ni jina la meza takatifu, na pia ni kifungo kinachowaunganisha waumini walio hai na waliokufa. Lakini mzizi huo huo umezaa shirki, dhambi kubwa kuliko zote katika Uislamu, yaani kumpa Mungu mshirika. Humo humo mmetoka mshirikina na ushirikina. Kwa hivyo, Mswahili anapolitaja neno hili hukumbushwa, hata asipokusudia, kwamba kuna kushiriki kunakookoa na kuna kushiriki kunakoangamiza. Swali la nani ashirikishwe, na katika nini, si swali dogo katika lugha hii.

Katika mkutano wa Kikuyu wa 1913, wajumbe wa misheni za Kiprotestanti walitafuta njia ya kuungana. Miongoni mwao walikuwamo Waanglikana, Wapresbiteri wa Skotilandi, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission. Walikusudia kupunguza mashindano na kuandaa msingi wa kanisa moja la Waafrika. Mwishoni, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wajumbe wasio Waanglikana wakaipokea mikononi mwake. Askofu Willis wa Uganda alikuwapo pia.

Habari zilipomfikia Weston, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki maaskofu hao wawili kwa uzushi na mafarakano. Tofauti yao yaweza kuelezwa kwa sarufi. Waliokutana Kikuyu walianza na kushirikiana, wakaamini kwamba wanaotendeana kazi ya Mungu wanaweza kuketi katika meza moja. Weston alianza na kushiriki. Kwake, sharti kwanza watu wawe na fungu katika imani moja na uaskofu mmoja, ndipo kiambishi cha kutendana kifuate. Meza ilikuwa tunda la umoja, wala si chombo cha kuutafutia.

Hukumu ilitolewa mwaka wa 1915. Haikuwatia hatiani maaskofu, lakini ilishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Watani wa wakati huo walifanya mzaha kwamba tendo la Kikuyu limeonekana kumpendeza Mungu sana, na kwamba lisitendeke tena kamwe.

Kufikia wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza, na sehemu ya dayosisi ya Weston ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwaka wa 1916 alikusanya kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akaandamana nao bara kwa miguu. Maelfu ya wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa maradhi na uchovu. Nairobi ingali inawakumbuka kwa jina la mtaa wa Kariokor, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na kwa sanamu zilizosimama katika Barabara ya Kenyatta.

Mnamo 1918 Weston alikwenda Kikuyu mwenyewe, akakaa na wale aliowapinga. Alipendekeza umoja wenye kuukubali uaskofu, na akaeleza kwamba naye angekuwa radhi kupokea utambuzi wa makutaniko yao. Pendekezo lake halikukubaliwa. Misheni zile ziliunda muungano wao, na Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa huko Kikuyu mwaka wa 1926, ilirithi jina la muungano huo.

Hata hivyo, mtihani mkubwa zaidi wa neno ushirika ulitoka Nairobi, katika ofisi za serikali. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Askofu wa Mombasa wa wakati huo, Askofu Willis na Dakta Arthur wa misheni ya Thogoto waliukosoa waraka huo. Lakini walikubali kwamba kazi ya kulazimishwa ingeweza kuruhusiwa endapo ingewekwa wazi kisheria na kusimamiwa. Weston alikataa katakata. Mwaka wa 1920 alichapisha kijitabu alichokiita *The Serfs of Great Britain*, akaishambulia kazi ya shuruti kuwa ni utumwa uliovishwa vazi jipya. Upinzani ulienea Uingereza, na mwaka wa 1921 serikali ya huko iliagiza maofisa wasiwatafutie tena walowezi vibarua.

Basi mambo yaligeuka. Waliofungua meza Kikuyu walikubali shuruti yenye masharti, naye aliyeifunga meza akaikataa shuruti yote. Hili halimwondolei Weston lawama ya ukali wake, wala halifuti nia njema ya wenzake. Linaonyesha tu kwamba ushirika una milango miwili, wa madhabahu na wa shambani, na si rahisi mtu kuilinda yote miwili. Katika kongamano la London la mwaka wa 1923, Weston mwenyewe aliwaonya wenzake kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu altareni huku wakimpuuza katika mitaa ya mafukara. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila.

Leo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, linalohesabu mwanzo wake kuwa mkutano wa 1913, lina makao katika Barabara ya Lenana, magharibi mwa Nairobi, na jengo lake linaitwa Jumuia. Neno ushirika nalo, mbali na kubaki makanisani, limeshuka hadi katikati ya jiji, likawa jina la vyama vya akiba na mikopo, ambamo mwanachama ni yule aliyetoa fungu lake. Maana hiyo ya fungu haiko mbali na ile iliyopiganiwa Kikuyu. Mshiriki ni mwenye sehemu, na mwenye sehemu hashurutishwi kama mtumwa.