Daktari wa Jicho Moja na Mataya ya Watoto wa Ziwani

Wakazi wa Kisumu hospitali yao kuu huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969. Katika hospitali za mwambao huu wa ziwa huletwa watoto ambao taya limewafura, meno yamelegea, kinywa hakifungi wala hakitafuni. Aliyezidiwa hutiwa mpira mwembamba puani ukafika tumboni, akapitishiwa maziwa na chakula chepesi kidogo kidogo, hadi dawa zimpe nafuu. Saratani hiyo ina jina la mtu: Burkitt.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lilimvunjia miwani, jicho moja likapotea. Mwenye jicho moja na kisu cha upasuaji, wapi na wapi? Yeye akausomea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili akapelekwa Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyefura pembe zote nne za mataya. Ajabu hiyo! Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mwingine, ameketi nyasini na mamake. Tangu hapo hakutulia.

Kisu hakikufaa. Ukilikata taya la mtoto humwachii cha kutafunia, na uvimbe hurudi. Basi Oktoba 1961 yeye na wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford kuukuu iliyonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri kama maili 10,000 kwa wiki kumi, hospitali hata hospitali, wakionyesha picha na kuuliza. Ikabainika kwamba maradhi yale hupenda penye joto na mvua, nayo hukimbia milima yenye baridi. Almuradi hufuatana na malaria. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, London, wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Burkitt naye akashika dawa badala ya kisu. Baadhi ya watoto uvimbe uliwayeyuka kwa siku chache, wakala tena kwa vinywa vyao.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza akajipatia sifa ya pili, kuwahimiza Wazungu wale nafaka isiyokobolewa, kama alivyowaona wanavijiji wa Afrika wakila. Alifariki Machi 1993, mwenye miaka 82.