Freddie Mercury: mtoto wa Unguja mbele ya kamera



Muhula huu darasa la wakubwa linajifunza kueleza picha kwa Kiswahili: mwanga, kivuli, rangi, sura, hali ya moyo. Kwa hiyo safari hii tumechagua mtu ambaye unaweza kuyafuata maisha yake kwenye video za muziki wake, tangu miaka ya sabini hadi ya tisini. Wengi mnamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara, na alizaliwa Unguja.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, na mama yake, Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Mzee Bomi alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Mtoto alipofika miaka 8 hivi alipelekwa India, shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani. Huko alisoma piano, akapiga muziki katika bendi ya wanafunzi, na wenzake wakamzoesha jina la Freddie. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na familia ikaondoka kwenda Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Wazazi wenzangu, hapo hatuhitaji maelezo marefu. Kuanza upya katika nchi ya baridi tunakujua.

Watu wengi humkumbuka kwa sauti yake, wakasahau kwamba alisomea michoro. Alisoma chuo cha sanaa cha Ealing na kumaliza mwaka 1969. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May na Roger Taylor, akaipa bendi jina la Queen, na yeye mwenyewe akachukua jina la Mercury. John Deacon aliingia mwaka 1971. Nembo ya bendi aliichora Freddie kwa mkono wake: simba wawili, kaa mmoja na vibinti wawili wenye mabawa, kwa kufuata nyota za kuzaliwa za wanne hao. Kwa hiyo alipofika mbele ya kamera alikuwa tayari anajua kwamba picha nayo inasema.

Tuanze na mwaka 1975. Queen walikuwa na wimbo wa karibu dakika sita, Bohemian Rhapsody, wenye sauti nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kuuimba vile vile kwenye studio ya televisheni kungekuwa vigumu, na tena walikuwa na safari ya maonyesho. Wakarekodi video huko Elstree kwa saa chache tu, mwongozaji akiwa Bruce Gowers. Tazameni mwanzo wake: giza, na ndani ya giza nyuso nne zimeangazwa kutoka juu. Macho yanakuwa mashimo ya kivuli, mashavu yanang'aa. Sura hiyo waliitoa kwenye jalada la albamu yao ya pili, picha iliyopigwa na Mick Rock. Baadaye uso mmoja unageuka kuwa nyuso nyingi, kwa kioo maalumu kilichowekwa mbele ya kamera, bila kompyuta. Hali yake ni ya fumbo, kama hadithi ya usiku. Wimbo ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki 9, na bendi nyingi zikaona kwamba video inaweza kusafiri mahali ambapo mwanamuziki hakufika.

Miaka ya themanini mambo yakawa makubwa. Kituo cha MTV kilikuwa kimeanza Marekani mwaka 1981, na video ikawa biashara yenye fedha nyingi. Katika Radio Ga Ga ya mwaka 1984, iliyoongozwa na David Mallet, wamechanganya vipande vya Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927 isiyo na sauti. Kuna mji wa majumba marefu, na umati uliopangwa safu kwa safu unaopiga makofi mawili juu ya kichwa. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, Freddie aliimba wimbo huo uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid. Watu zaidi ya 70,000 walipiga makofi yale yale bila kufundishwa na mtu, kwani walikwisha kuyaona kwenye video.

Mwaka huo huo wa 1984 walitoa nyingine ya kuchekesha, I Want to Break Free. Wanaume wanne wamevaa nguo za kike kuigiza tamthilia ya Coronation Street, na Freddie anasukuma mashine ya kuvuta vumbi huku masharubu yake yapo pale pale. Rangi ni angavu, nyumba ni ya kawaida. Uingereza walicheka. Marekani wengi hawakupendezwa.

Sasa tufike sehemu ambayo mimi, kwa kazi yangu ya unesi, siwezi kuitazama kama mtazamaji tu. Mwaka 1987 Freddie aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Hakutangaza. Miaka miwili baadaye ilitoka video ya The Miracle. Humo watoto wanne wameigiza bendi nzima, wamevaa mavazi ya Queen ya miaka iliyopita, na mmoja wao anamwiga Freddie kila mkono na kila hatua. Watoto wadogo wataipenda sana hii.

Mwaka 1991 rangi zinaondoka. I'm Going Slightly Mad imepigwa nyeusi na nyeupe. Uso wake umepakwa unga mweupe, ana wigi la nywele zilizotimka, na kuna hata pengwini. Unacheka, lakini vipodozi vile vilikuwa na kazi nyingine: kuficha maradhi. Mei mwaka huo alirekodi video yake ya mwisho, These Are the Days of Our Lives, nayo nyeusi na nyeupe, ili hali yake isionekane wazi. Aliyekuwa akikimbia jukwaa zima sasa amesimama karibu mahali pamoja. Amevaa kizibao chenye picha za paka. Mikono ni myembamba, mashavu yameingia ndani. Mwishoni anaitazama kamera moja kwa moja, na uso hauna hofu.

Tarehe 23 Novemba 1991 aliutangazia ulimwengu kwamba ana UKIMWI. Kesho yake jioni alifariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45. Makuhani wa Kizoroasta waliongoza mazishi yake, kwa dini ya wazazi wake.

Dawa za mchanganyiko zilizobadilisha ugonjwa huu zilifika mwaka 1996. Leo mwenye virusi anayemeza dawa kila siku anaishi miaka mingi, anafanya kazi na kulea watoto. Bado nakutana na watu wetu wanaochelewa kupima kwa kuogopa maneno ya watu. Freddie aliificha hali yake wakati ambapo hata kuisema kusingempa dawa ya kumwokoa. Sisi hatuna sababu hiyo. Wazazi, tuyazungumze haya majumbani mwetu.

Unguja nako hakukumbukwi kwa namna moja. Mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe haikufanyika baada ya kikundi cha kidini kuipinga. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe. Kila nyumba ina maoni yake juu ya maisha yake, na hilo tunaliheshimu. Lakini mtoto wetu akiulizwa darasani, anaweza kujibu kwamba mtu huyu alizaliwa Unguja, na kwamba kabla ya kujulikana naye alikuwa mtoto wa familia iliyohama.

Kazi ya nyumbani: chagua video moja kati ya hizi, uitazame na mzazi mara ya kwanza bila sauti. Kisha andika sentensi tano: mwanga unatoka wapi, rangi gani zimetawala, nani anasogea na nani ametulia, kitu gani kimefichwa, na wewe umejisikiaje. Leteni Jumamosi.

Mwalimu wenu