Mzee McAdam na Njia Kuukuu

Safari moja nikitoka Embu kwenda Meru, niliona kando ya barabara vifusi vya lami kuukuu iliyobanduliwa, vimetupwa majanini. Mbele kidogo, njia ya kuingilia mashambani ilikuwa tope tupu, na gari la viazi limekwama. Viazi hivyo hivyo tulavyo sisi Mombasa. Nikamkumbuka John Loudon McAdam.

Bwana huyu alizaliwa Ayr, Scotland, mwaka 1756. Alipofiwa na babake, mwaka 1770, alivuka bahari hadi New York kwa ami yake mfanyabiashara. Huko alichuma mali, na vita vya uhuru wa Marekani vikampokonya sehemu kubwa. Mwaka 1783 akarejea kwao, akazikuta barabara mbovu. Akaanza kuzizungukia kwa fedha zake mwenyewe, maelfu ya maili, akichunguza ni kipi kinachoziua.

Mwaka 1816 alikabidhiwa barabara za Bristol, Uingereza. Desturi ilikuwa kumwaga mawe mapya juu ya mashimo. Yeye aliyachimbua yale ya zamani, wanawake, wazee na watoto wakayavunja kwa nyundo ndogo, lisibaki jiwe lipitalo wakia 6, kisha akayarudisha palepale. Magari ya farasi yakayashindilia yakashikana. Mgongo wa njia aliuinua kidogo ili maji yateremkie mitaroni, kwani adui wa barabara ni maji.

Alikorofishana pia na waliokula ushuru wa njia, akitaka hesabu ziwe wazi. Alipotunukiwa cheo cha heshima alikikataa. Akaja kukipokea mwanawe James. Alifariki mwaka 1836, umri wake miaka 80. Lami ilienea baada yake, lakini hadi leo Waingereza wakiitaja, jina lake limo ndani.

Na lami kuukuu, ndugu msomaji, ni kama mawe yale. Ikisagwa, ikatandazwa na kushindiliwa vyema, hushikana tena. Huziba mashimo na kupanua kingo za njia za mashambani. Chuoni tulifunzwa kuwa kuondoa la kudhuru njiani ni sadaka. Na wahenga wakatuusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mzee McAdam hakukijua Kiswahili, ila usia huo aliufuata. Sisi tulio nao tumeutupa majanini.